Pole Aliyoitoa Naibu Wangu

Kina mama wenzangu, kama una mtoto anayeishi mbali na mkononi una naibu wa kukupokelea simu, soma haya kwanza, kisha ndiyo umpigie. Mimi sikuwa na wa kunitahadharisha.

Ilianza sokoni Tukuyu. Mvua ilikuwa imekatika kidogo na watu wanakung'uta maturubai. Nilikuwa nachagua viazi kwa mama mmoja anayevileta kutoka Makete, ndipo akaniangalia usoni, akasita na kopo lake mkononi.

"Wewe si ndiye mama yake Tusajigwe? Yule fundi wa kupoza mitambo kule kwenye maghala?"

"Ndiye mimi."

"Poleni sana, mama. Poleni na yaliyowapata."

"Tumeshapoa," nikamjibu.

Si ndivyo tunavyojibu? Mtu akikupa pole unasema tumeshapoa, mdomo wenyewe unajua njia. Nikachukua viazi vyangu nikaondoka. Nilikuwa nimefika kwenye mashine ya kusaga ndipo nikasimama. Tumeshapoa nini?

Nikarudi mbio, watu wananipisha. Yule mama hayupo. Gari la Makete lilikuwa limeshaondoka, na ndilo la mwisho, maana njia ya Kitulo mvua ikinyesha hufungwa mpaka asubuhi. Nikabaki nimesimama na viazi vyangu mbele ya meza tupu.

Tusa ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa mjamzito. Nyumbani nilikuwa na kofia na soksi za sufu za njano nilizofuma mwenyewe, za njano kwa kuwa hatukujua atakuja wa kike au wa kiume, na za sufu kwa kuwa Makete si mahali pa kumvika mtoto mchanga khanga peke yake. Baridi ya kule ndiyo iliyowafanya wajenge maghala ya kumbukumbu, majumba marefu yasiyo na madirisha, ambamo sauti zetu zote zinatunzwa. Mwanangu kazi yake ni kuhakikisha yale majumba hayapati joto.

Nikapiga papo hapo kwa bangili, nikiisogeza mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tusa, kuna nini huko?"

"Huku salama tu, mama. Baridi ndiyo inatutesa. Presha inaendeleaje?"

"Nimepewa pole sokoni. Pole ya nini?"

"Usiwe na wasiwasi. Mimi nipo salama. Dawa umekunywa?"

Sauti ni yake. Hata kale kacheko anakokaweka mwishoni akitaka kunituliza, kalikuwepo. Nikafanya jambo ambalo siku hizi ni kukosa adabu, sawa na kumuuliza mgeni ataondoka lini.

"Wewe ni Tusa au ni naibu wake?"

"Ni naibu wake, mama. Tusa amepumzika. Nimwachie ujumbe gani?"

Nikampigia mkwe wangu Lugano, aliyeko Zambia kwenye kazi ya nyaya. Naibu wake naye akasema salama. Wote salama. Dunia nzima salama, isipokuwa mama mmoja muuza viazi.

*

Mtoto atakayesoma haya miaka ijayo huenda asijue naibu ni nini, kama vile vijana wa leo wasivyojua kibanda cha simu. Naibu anakaa ndani ya bangili. Anakusikiliza ukiongea mwezi mzima, ukigombana, ukisali, ukinunua mboga, kisha anaongea kama wewe. Simu ikiita anapokea kwa niaba yako. Akikutana na naibu mwenzake, hawahitaji hata kutoa sauti, wanamaliza yote mara moja na kila mmoja anamletea mwenyewe muhtasari: fulani anakusalimu, hajambo. Walisema atatupunguzia kelele, na kelele kweli zilipungua.

Mimi nilizaliwa kwenye kelele. Baba yangu, Mzee Ambokile, alikuwa na kibanda cha mbao karibu na posta. Kabla ya hapo alipeleka telegramu kwa baiskeli, kupanda na kushuka vilima hivi. Hizo sikuziona, nilisimuliwa. Alisema zilikuwa maneno machache tu, kwa sababu kila neno lilikuwa na bei yake: "MAMA MGONJWA SANA NJOO." Hakuna aliyeandika kwamba mama amekufa. Lakini aliyepokea alielewa, alikaa chini hapohapo mlangoni akalia, kisha akatafuta nauli. Uongo ule ulikuwa wa huruma, ila ulikuwa na "njoo" ndani yake. Nimeufikiria sana uongo ule siku hizi.

Baadaye baba akaweka simu ya mezani ya kulipia, kisha simu ya mkononi moja iliyofungwa kwa mnyororo kana kwamba ni mbuzi. Watu wa Tukuyu walikuwa wanapiga kelele kwenye ile simu, wanadhani Dar es Salaam ni mbali hivyo sauti nayo lazima isukumwe. Na mazungumzo yalikuwa hivi:

"Habari za huko?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mvua je?"

"Zipo."

Halafu kimya. Mteja anashika kichwa, hela inakwenda, upande wa pili nako kimya. Kisha ndiyo inakuja: "Ila bwana... yule ng'ombe amekufa." Au: "Ila mdogo wako hali yake si nzuri." Habari yenyewe ilikaa nyuma ya nzuri zote. Ilibidi uingoje.

Na mteja akifika kwenye ila, baba alitoka nje. Hata kama mvua inanyesha, na mvua ya kwetu mnaijua. Alikuwa anasimama chini ya kipande cha bati, anajifanya anapanga vocha kwenye ubao. Mtu akianza kulia, baba anaingiza mkono dirishani anapandisha redio. Mimi mtoto mdogo nimejibanza ndani, nataka kusikia, ananivuta kwa kola.

"Baba, unalowa."

"Nalowa, ndiyo. Ya mle ndani si ya kwetu."

Baadaye kila mtu akawa na simu yake, kibanda kikafa. Zikaja za kutuma ujumbe, zikaja za picha, yakaja makundi ya ukoo ambamo shangazi anatuma sala ndefu alfajiri na hakuna anayeisoma lakini wote wanajibu amina. Nayo yalikuwa na kelele zake. Naibu ndiye aliyezimaliza.

Na katika zile za mkononi za mwanzo kulikuwa na kubipu. Vijana hawakujui. Unapiga, simu ya mwenzio inalia mara moja tu, unakata kabla hajapokea. Hakuna anayekatwa hela. Kila nyumba ilikuwa na maana zake. Kwetu ukibipu mara moja ni nimefika. Mara mbili mfululizo ni nakuhitaji. Tusa alipokwenda shule ya bweni, simu zilikuwa zimeshakuwa bure, lakini mimi na wasiwasi wangu nikamfundisha hivyohivyo.

"Mama, si niongee tu? Ni bure siku hizi!"

"Ukifika bipu. Nikitaka maneno nitakuomba."

Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini alibipu. Muhula kwa muhula, bangili inatikisika mara moja mkononi, nami napumua. Walipokuja manaibu tukaacha, maana naibu anakwambia mwenyewe: Tusa amefika.

*

Siku ileile nilikwenda ofisi ya manaibu nikiwa na mdogo wangu Bupe, ambaye hakuitwa ila huwa haachwi. Alitupokea binti mmoja anaitwa Anganile, mtaratibu, nywele kazifunga nyuma.

"Shikamooni."

"Marahaba," Bupe akajibu. "Mwanangu, mashine yenu imemficha dada yangu msiba. Itoe."

Anganile akaishika bangili yangu, akaiweka juu ya kioo cha meza, akasoma. Uso wake ukabadilika kidogo, akajitahidi kuurudisha.

"Naibu wako hajakudanganya, mama. Habari ipo. Ameishikilia."

"Anaishikilia nini?"

"Ulipougua presha, daktari alishauri habari nzito usipewe presha ikiwa juu. Wewe ukakubali. Kwa hiyo anasubiri ishuke."

"Tangu lini anasubiri?"

"Tangu mwezi uliopita."

Bupe akapiga meza. "Huyu? Presha ishuke? Huyu tangu azaliwe anawaza! Hata harusini kwake alikuwa anawaza kama wali utatosha. Atasubiri mpaka kiama!"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Ni kweli. Naibu alingoja nitulie ndipo aniambie, na mimi nilikuwa situlii kwa sababu siambiwi kitu.

"Niambie basi wewe," nikamwambia Anganile.

"Siwezi, mama. Maneno ya aliyepiga ni mali yake. Yako naweza kukupa. Sauti yako ni mali yako, hata kama hukuisema wewe."

Akanipa kipande cha kusikilizia. Nikakiweka sikioni, nikajisikia mimi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko? ... Pole. Pole sana, mama yangu. ... Ndiyo mipango ya Mungu, hatuna la kufanya. ... Wewe bado kijana, utapata mwingine. ... Haya, usilie sana. Kunywa uji, pumzika. Nitakuja presha ikitulia. Haya, mwanangu. Haya."

Mashine ilikuwa imeziba sehemu zote alizoongea Tusa, kwa hiyo maneno yangu yalifuatana haraka haraka, kama mtu anayefukuza mgeni mlangoni. Na kila neno nalijua. Ni maneno ninayoyasema kwenye misiba ya watu, nikiwa nimekaa kwenye mkeka, nikimenya ndizi. Naibu aliyajifunza kwangu. Utapata mwingine. Nimewaambia wangapi?

Mwanangu alimzika mtoto wake Makete, akampigia mama yake, na mama yake akamwambia anywe uji.

Bupe alikuwa ameninyang'anya kile kipande akasikiliza naye. Alipokitoa sikioni hakuwa na utani tena. Akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake.

"Kuna njia moja nyingine," Anganile akasema polepole. "Naibu wa Tusa ulimwandikisha wewe, Tusa alipokuwa shule. Mzazi hubaki na ufunguo mpaka mtoto akija kuufuta. Hajaufuta."

"Ufunguo unafungua nini?"

"Yote. Aliyokwambia siku ile, na aliyomwambia naibu wake akiwa peke yake. Ukishafungua, sauti yako inaingia moja kwa moja kwake hata kama hataki kupokea. Na ataambiwa kwamba umefungua." Akasita. "Sipaswi kusema, lakini tangu siku ile hajapokea simu ya mtu yeyote mwenyewe. Ya mtu yeyote, mama. Anapokea naibu tu."

Mnaelewa mama mwenye wasiwasi anavyofikiri. Niliwaza yuko kitandani, hali chakula. Niliwaza yuko kwenye yale majumba yasiyo na madirisha, peke yake na mitambo inayovuma. Niliwaza mabaya zaidi ambayo sitayaandika.

"Fungua," Bupe akasema. "Unangoja nini?"

"Si ya kwangu, Bupe."

"Si yako kivipi? Umembeba tumboni! Na ufunguo amekuachia, angekuwa hataki si angeufuta? Anafanya kazi hukohuko, anajua kila kitasa!"

"Labda amesahau. Au labda ameuacha kwa kuwa anajua sitaingia."

"Na kama anakufa?"

Nisingependa mtu yeyote aulizwe swali hilo. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, na pale chini ya kidole kulikuwa na alama ndogo ya ufunguo, inang'aa. Kugusa tu. Ningejua kama amekula, kama analala, amemlaani nani, pengine mimi. Ningejua yote, na yeye asingekuwa na pembe hata moja duniani ya kuficha uso wake.

Nje mvua ikaanza upya juu ya bati. Na mimi, bila kutaka, nikamwona baba amesimama kwenye mvua hiyo na vocha zake, mgongo kauelekeza dirishani, shati limemganda. Baba aliyafahamu mengi ya watu wa mji huu kwa kutoyasikiliza. Walirudi kwake wenyewe baadaye, wakamweleza wakiwa tayari.

Nikaondoa kidole.

"Anganile, naibu anapokea mlio wa ngapi?"

"Wa pili. Wa kwanza ni wa mwenyewe, bangili inamtikisa mkono. Asipopokea ndiyo naibu anaingia."

"Na nikikata kabla ya wa pili?"

"Mfumo unachukulia kidole kimeteleza. Haupeleki popote."

"Hata kwa naibu?"

"Hata kwa naibu. Ni kama haikutokea."

"Lakini mkono wake utatikisika."

Binti akaniangalia. "Utatikisika, mama."

Bupe akashika kiuno. "Dada! Unataka kumbipu mtu mwenye msiba?"

*

Nilitoka barazani. Nikapiga, nikasikia mlio wa kwanza, nikakata.

Mara moja. Nimefika.

Sikuwa nimefika popote, jamani. Nilikuwa Tukuyu, nimelowa, yeye yuko ng'ambo ya mlima na njia imefungwa. Lakini sikuwa na neno jingine katika lugha ile.

Maji yanatiririka mfereji mzima. Mzee mmoja akapita na mwavuli uliovunjika mbavu, tukasalimiana, nzuri, nzuri. Nikafikiri labda ameivua bangili. Labda amesahau, ni zamani, alikuwa mtoto. Nikabipu tena mara moja, nimefika, nikangoja, huku nikijiambia kwamba asubuhi nitapanda lile gari hata kama ni kukaa juu ya magunia.

Bangili ikatikisika mkononi. Ikanyamaza kabla naibu wangu hajapokea.

Nikaiangalia.

Ikatikisika tena, ikanyamaza.

Mara mbili.

Nikarudi ndani nikilia waziwazi, nikamwekea Anganile bangili mbele yake. "Mtoe naibu wangu."

"Mama, presha yako..."

"Presha ni yangu. Mtoe. Sitaki anishikie kitu."

"Mtoe," Bupe akasema, naye analia, "nitamshika mimi akianguka."

Akamtoa. Haichukui muda, kina mama. Kumweka ndiko kulikochukua mwezi mzima. Siwaambii mtupe bangili, mimi mwenyewe ninayo ninapoandika. Wala sisemi zamani palikuwa peponi, maana watu walikufa telegramu ikiwa bado iko kwenye baiskeli. Nasema tu mjiulize, huyo anayewaambia watoto wenu pole kwa sauti yenu, amejifunza pole yenu ya wapi? Ya mkekani kwa jirani, au ile ambayo hamjawahi kuisema kwa sauti?

Nikapiga. Mlio wa kwanza. Wa pili haukufika.

Upepo wa Makete ulikuwa unavuma kwenye laini, na nyuma yake ule mngurumo wa maghala.

"Ni wewe," sauti ikauliza, nzito, kama ya mtu aliyeamka, "au ni yeye?"

Nilitaka kujibu. Ikatoka kwikwi tu, mbaya, isiyo na maneno. Naibu hana kwikwi.

"Shikamoo mama," akasema Tusa.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Umeshinda salama?"

"Salama. Za huko?"

"Nzuri. Mvua tu."

"Na huku ipo."

Kisha kimya. Hapa ndipo naibu angesema haya, pumzika, akakata. Bupe alifungua mdomo nikamkazia macho. Anganile alikuwa ameinuka kitini pake bila kuambiwa, amefungua mlango, ametoka barazani kwenye mvua, ametupa mgongo. Nikangoja. Nikangoja kama wale wateja wa baba walivyokuwa wanangoja na hela yao inakwenda, nimeshika bangili kwa mikono miwili.

Upande wa pili akavuta pumzi.

"Ila mama..."